Windows 10 imefika mwisho: kabla ya kutupa ordinatere ya zamani, jaribu flashi

Ukipita Kikula ao katikati ya mji wa Likasi, biro za saisie hazikosi: meza mbili, ordinatere moja ao tatu, mashini ya fotokopi, na kijana mwenye kuandikia watu barua, CV na TFC za wanafunzi. Ordinatere nyingi ya hizo zilikuja toka Bulaya, zilishatumika kule myaka mingi. Zingali zinafanya kazi. Lakini tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya usalama ya bure kwa Windows 10, ile tunakuta mu mashini nyingi za namna hii.

Microsoft inashauri watu wapande kwa Windows 11. Hapo njo kuko shida. Windows 11 inaomba RAM ya giga 4, nafasi ya giga 64 mu disiki, na tena kipande cha usalama kinaitwa TPM 2.0, chenye ordinatere nyingi za mbele ya mwaka 2016 hazina. Kwa mashini za Intel, inaomba prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, ni kusema za mwisho wa 2017. Kwa hiyo mashini yenye kutengenezwa mu 2012, hata ikiwa nzima kabisa, inahesabiwa kuwa ya zamani. Mu 2025 Microsoft ilitoa njia ya kuongeza mwaka moja wa ulinzi, mpaka Oktoba 2026: kwa dola 30, ao kwa kuunganisha ordinatere na akaunti ya Microsoft. Wakaaji wa Ulaya walipewa hiyo bila kulipa. Sisi hatumo mu ile hesabu, ijapokuwa shaba na kobalti ya udongo wetu inaingia mu waya na mu betri za mashini hizo.

« Mimi sijawahi kupata matengenezo »

Wengi watajibu: Windows yangu ni kopi ya kijana wa mu kartie, haijawahi kupata matengenezo, na kazi inaenda. Ni kweli inaenda, mpaka siku moja. Mu Mei 2017, virusi WannaCry ilifunga mafaili ya ordinatere mu inchi zaidi ya 150 na kuomba franga ili ifungue. Dawa ya lile tundu ilikuwa imeshatolewa tangu Marsi. Walioumia zaidi ni wale hawakuiweka.

Na hapa kwetu virusi haingoje intaneti. Inatembea mu flashi. Kila mwanafunzi anajua ile virusi ya « raccourci »: unafungua flashi ku biro, folda zote zimegeuka kuwa mishale, na TFC ya mwaka mzima haionekane. Wengine wanaambiwa waformate, na hapo kweli kazi inapotea. Mara nyingi mafaili yangali paka mule. Virusi imeyaficha tu.

Flashi yenye kuwasha ordinatere

Kuko na sistemi ingine ya kuendesha ordinatere, yenye msingi wake unaitwa Linux. Ilianzishwa mu 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland. Ni ya bure, na sheria yake inaruhusu kila mtu kuikopia na kumupa mwenzake. Hiyo si wizi. Kuko aina nyingi. Kwa mashini dhaifu kuko Puppy Linux na antiX; ya pili ilitoka Ugiriki, na wenye kuitengeneza wanashauri RAM isipungue mega 512. Kwa mashini yenye RAM ya giga 4, Linux Mint ya Xfce inafaa.

Uzuri wake ni huu: unaweza kuiweka mu flashi, uwashe ordinatere kupitia ile flashi, bila kugusa disiki. Ukiona haikupendeze, unazima, unatoa flashi, na Windows yako iko vile uliiacha.

Sisi tulijaribu na laptop moja ya RAM giga 2 na flashi ya giga 16. Hatua ni hizi:

1. Ondoa kwanza vyote vyenye viko mu flashi, juu vitafutwa.
2. Telesharje faili ya sistemi ku tovuti yake yenyewe, si kwingine. Kama mashini ni ya biti 32, hakikisha aina unayochagua ingali na faili ya biti 32, nyingi zimeiacha.
3. Kwa programu Rufus, ambayo ni ya bure, andika ile faili mu flashi. Kuikopia tu kama picha ao muziki haitawasha kitu.
4. Zima ordinatere, weka flashi, washa huku unabonyeza F12, F9 ao Esc, kufwatana na marke ya mashini. Chagua flashi.
5. Chagua klavie ya Kifaransa, ao herufi A itatoka Q.

Ilichukua zaidi ya dakika mbili kuwaka. Kiisha tuliweka flashi ingine, yenye ile virusi ya mishale. Folda zilizofichwa zilionekana zote, tukazikopia pembeni. Linux haifuate ile alama ya kuficha, na ile mishale haina nguvu mule.

Shida zake tusizifiche

Mafaili ya Word yanafunguka mu LibreOffice, lakini kurasa zinaweza kusogea. Mbele ya kutoa TFC, igeuze kuwa PDF. Programu za kontabilite za Windows, nyingi hazitaenda. Mashini fulani za kutoa karatasi zinasumbua. Na intaneti ya leo ni nzito: RAM ya giga moja haitafungua video bila kuchoka.

Tena kuko SNEL. Laptop yenye betri imekufa, umeme ukikatika wakati flashi inaandika, flashi inaweza kuharibika. Flashi yenyewe inachoka kwa kuandikwa kila siku. Kazi yako usiiache paka mule. Weka kopi fasi ingine. Biro yenye kuona Linux inaifaa, heri iiweke mu disiki, kiisha kuokoa mafaili yote.

Bei kubwa ni mega za kuteleshajia. Faili ya Mint inapita giga 2, na si kila mwanafunzi atazinunua. Lakini faili moja inatosha kwa flashi mia. Shule yenye kufundisha informatique, ao chama cha wenye biro za saisie, inaweza kuteleshaja mara moja, ikagawia wengine. Mwenye anatafuta dola za kununua mashini mpya sababu aliambiwa yake imekufa, aombe kwanza ile flashi, aijaribu saa moja.