Mama Kuvunjika Nyonga na Vipimo vya Damu



Juma lililopita, baada ya swala ya Alasiri, tulijiwa na binti mmoja wa mtaani petu, karatasi ya maabara mkononi. Mama yake, aliyepita umri wa miaka 80, aliteleza chooni akavunjika nyonga. Daktari alishauri upasuaji, kisha akawaeleza kwamba damu ya mama iko chini, na albumini iko chini pia, na kwamba wagonjwa wa hali hiyo huwa katika hatari zaidi. Nyumbani wajomba wakakata shauri: mama arudishwe akakandwe, kwani karatasi imekwisha kusema. Binti akatuuliza, "Sheikh, tutapata dhambi tukimpeleka kwenye kisu ilhali tumeambiwa hataishi?"

Tulimwomba ayarudie maneno ya daktari, neno kwa neno. Daktari hakusema hataishi.

Basi namba zile zasema nini? Himoglobini ndiyo ibebayo oksijeni mwilini. Kwa kawaida mwanamke huwa na gramu 12 au zaidi katika desilita moja ya damu, na nyonga ikivunjika damu huvujia ndani pasipo kuonekana. Albumini ni protini itengenezwayo na ini; upungufu wake mara nyingi huashiria kwamba mgonjwa hakuwa akila vyema, au maradhi yalimchosha kabla hajaanguka. Mwaka 2008 madaktari wa Nottingham, Uingereza, walitoa hesabu ya kukadiria hatari ya kifo katika siku 30 baada ya nyonga kuvunjika. Himoglobini ya 10 au chini yake imo, lakini imo pamoja na umri, jinsia, kumbukumbu, maradhi mengine, saratani, na kama mgonjwa aishi katika makao ya wazee. Damu peke yake haikuwatosha.

Tena hesabu hiyo ni ya kundi. Husema katika wagonjwa mia walio mfano wake huenda wakafa wangapi, wala haisemi ni nani. Elimu ya ajali ni ya Mwenyezi Mungu, na tabibu hakuidai. Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha kujitibu, naye ndiye aliyetufunza kuamini kadari.

Wajomba waliiona hatari ya kisu, hawakuiona ya kitanda. Nyonga iliyovunjika haiungi kwa kukandwa. Kukanda huzidisha maumivu. Mzee alazwaye chali majuma mengi hupatwa na nimonia, vidonda vya mgongoni, na damu kuganda miguuni. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wataka upasuaji ufanywe siku ya kulazwa au siku ifuatayo. Kwetu siku hupita tukingoja mwana aliye Ghuba apokee simu aseme naam!

Na karatasi ile ilikuwa na kazi. Damu ikipungua huongezwa, nao vijana wa nyumba waweza kwenda kuchangia. Figo zikionyesha upungufu wa maji, maji hutiwa. Albumini haipandi kwa siku mbili, lakini yatukumbusha kwamba mama ahitaji samaki, mayai, maziwa na kunde, si uji mtupu na chai. Wapo wagonjwa ambao upasuaji hauwafai. Hilo ni la daktari kulisema baada ya kumpima, si letu kulikata barazani. Kina mama, muulizeni waziwazi: katika namba hizi, ipi yaweza kurekebishwa, na kwa muda gani?

Binti alirudi hospitalini jioni ile pamoja na kaka zake wawili, wakachangie damu. Kabla ya kuondoka aliuliza mama ataswali vipi. Ataswali ameketi, na akishindwa ataswali amelala, kwa ishara. Ama suala la kutayamamu kitandani, tutalieleza juma lijalo inshallah.