Msituambie raia ni mchafu. Pubele iko wapi?

Wandugu, kila salongo ni wimbo ule ule: eti watu wa Kisangani hawapendi usafi. Tunakataa. Toka kiwanja cha ndege cha Bangboka mpaka Makiso, hesabu mwenyewe pubele za Leta. Ukimaliza kuhesabu, ndipo tuongee juu ya tabia ya raia.

Salongo yenyewe, tuseme wazi, ni kuhamisha uchafu. Tope na sashe vinatolewa mtaroni, vinaachwa kando ya mtaro, na hapa karibu na Ikweta mvua inapiga karibu mwaka mzima. Mvua moja tu, vyote vimerudi ndani.

Sheria iko. Dekreti namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki katika Kongo yote. Nenda sokoni leo ununue chumvi, uone unafungiwa ndani ya nini! Rwanda walikataza 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Siyo kwamba majirani walizaliwa wasafi kupita sisi. Na siku hapa watakapoamka kutekeleza, wasianze na mama muuza pondu. Waanze na mwenye kuingiza mizigo.

Ila hatutangojea Kinshasa ije kutusafishia parseli. Wengi wetu hatukai kwenye maghorofa. Tunapanga ndani ya parseli moja, kaya nne, tano, choo kimoja, shimo moja la takataka. Humo kila kitu: maganda ya ndizi, majani ya kwanga, chupa, pamper, betri za tochi. Likijaa linawashwa moto, na watoto wote wa parseli wanavuta moshi wa plastiki. (Na wewe unayewasha makala kwa sashe halafu unapika juu yake, acha.)

Shimo hilo ndilo la kugawanya. Maganda, majani na mabaki ya chakula, ambayo ndiyo mengi kupita yote, yapate shimo lao, yafunikwe udongo kidogo kila mara. Baada ya miezi ni mbolea, na mama anayelima lengalenga hataikataa. Chupa na bidoni ziingie ndani ya gunia, mahali mvua haifiki, maana chupa yenye maji ni nyumba ya mbu. Wanunuzi wake wako: mafuta ya mawese, petroli, karanga, vyote vinauzwa ndani ya chupa za zamani. Betri zikae peke yake, mbali na watoto. Kila kaya ishike zamu ya wiki, la sivyo tutashinda tunagombana pamper ni ya nani.

Mwenye parseli naye asijifiche. Papa, unachukua garanti, unachukua kodi kila mwisho wa mwezi. Magunia mawili na shimo la pili ni juu yako, siyo juu ya mpangaji.

Inabaki sashe na pamper, ambazo hazina mnunuzi. Hiyo ni kazi ya Leta, na hapo hatutanyamaza. Bukavu wanajua bei yake: plastiki za ziwa Kivu zinashuka mpaka bwawa la Ruzizi, zinaziba mitambo, umeme unakatika. Na umeme wetu sisi unatoka wapi? Mto Tshopo.

Kwa hiyo tunadai kwa bourgmestre wa komini zote sita, Lubunga ng'ambo ya mto ikiwemo: kila kartie ipewe mahali pa kukusanyia na siku moja ya wiki inayojulikana. Vijana wa toleka walipwe kubeba mizigo hiyo, wapewe na glavu. Feza yoyote ya usafi itoke na karatasi ya malipo, na hesabu ibandikwe ukutani mwa komini. Mpaka pale karatasi hiyo itakapoonekana, kodi mpya ya usafi hatulipi.