Homa Isiyosikia Dawa

Mzazi akiona mtoto ana homa na vipele, husema ni surua au malaria. Lakini ipo homa nyingine ambayo yampasa kila mzazi na kila mtumishi wa afya kuijua. Ni maradhi ya Kawasaki, yaitwayo kwa jina la Daktari Tomisaku Kawasaki wa Japani, aliyechapisha habari za watoto 50 mwaka 1967.

Maradhi haya huwashika zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Homa hudumu siku tano au zaidi, macho huwa mekundu bila ya tongo, midomo hupasuka, viganja na nyayo huvimba, kisha ngozi ya vidole hubambuka. Chanzo chake hakijagunduliwa hata leo. Shari yake imo ndani: mishipa ya damu hupata uvimbe, na ile iulishayo moyo yaweza kutanuka na kutuna. Wasipotibiwa, takriban mtoto mmoja katika kila wanne hupata dhara hilo.

Dawa ipo. Ni imunoglobulini, kinga iliyochujwa katika damu za wachangiaji maelfu. Hutiwa mshipani, pamoja na aspirini kwa amri ya daktari, kabla ya siku kumi za homa kupita. Hapo dhara hushuka hadi watoto wapatao watano katika mia.

Hata hivyo, katika kila watoto kumi, mmoja au wawili homa yao haisikii dawa: saa 36 baada ya dripu kwisha, bado inawaka. Hao ndio walio hatarini zaidi, na kwao kungoja si subira, ni uzembe. Huhitaji dozi ya pili, au dawa za steroidi, au infliksimabu, na moyo kupimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti.

Wazazi, homa ikifika siku ya tano rudini hospitali, wala msimpe mtoto aspirini kwa kujiamulia. Nanyi watendaji, Shirika la Afya Duniani limekwisha kuiweka imunoglobulini katika orodha ya dawa muhimu za watoto kwa maradhi haya. Dawa iliyomo katika orodha na haimo katika bohari haimponyi mtu. Kwetu sisi wa visiwani, siku moja ya kungojea chombo ni siku moja katika zile kumi.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa mshipa wa moyo wa mtoto, ukishaharibika, hauna fundi wa kuurudisha kama ulivyokuwa.