KONA YA FUNDI: Kwa nini taa za gari zinaungua mapema?

Mwezi huu tunaongea na familia zinazokula kwa gari. Taa ikizimika usiku, ama kazi inasimama, ama dereva anajikaza gizani na roho za watu nyuma. Hapa Kisenyi spea haziko mbali, lakini kununua balbu kila mara ni kula pesa ya mchele.

Ndani ya balbu mna waya mwembamba unaowaka kwa moto mkali. Maadui wake ni hawa:

1. Vidole. Mafuta ya mkono yakibaki kwenye kioo cha balbu ya halojeni, pale panashika joto kupita pengine na kioo kinaharibika. Mshike kwa kitambaa safi. Mkigusa, pangusheni kwa spiriti.

2. Mtikisiko. Mashimo ya barabara hukata waya, hasa balbu ikiwa inachezacheza. Ikazwe.

3. Umeme kuzidi. Mwambieni fundi apime betri injini ikiwaka: volti 13.5 hadi 14.5 ni sawa. Ikipita 15, chaji itengenezwe kwanza, la sivyo balbu mpya nayo itakufa.

4. Maji. Kioo cha taa kikipasuka, mvua inaingia, na tone likigusa balbu ya moto, basi.

Balbu moja ikiungua, mwenzake yuko njiani. Mkiweza badilisheni zote mbili, ile nzima iwekwe akiba garini.

Haya, tukutane mwezi ujao. Safari njema!