Sehemu ya 5: Saa ikilia, nani atampokea zimamoto?

Leo tuzungumze uchovu wa askari wa zimamoto. Usipite ukasema hili halikuhusu. Wengine ni waume zetu, wengine ni watoto wetu, na wote ndio tunaowaita nyumba ikishika moto.

Hebu fikiria kazi yenyewe. Nguo zile nzito na mtungi wa hewa mgongoni vinafika kilo 20 na zaidi. Joto la mwili linakosa pa kutokea. Na huku kwetu pwani hewa ina unyevu, jasho linatoka lakini halikauki, kwa hivyo halipoozi mwili. Moyo unakwenda mbio. Marekani, kwa miaka mingi, moyo kusimama ghafla umekuwa ukiongoza kwa kuua wazimamoto walio kazini, kuliko hata moto wenyewe. Na kwetu, mlima Kilimanjaro ulipowaka Oktoba 2020, mamia ya watu walipanda kuuzima, kule ambako hewa ni nyembamba na moyo unahangaika hata hujabeba kitu.

Sasa vimetoka vifaa vya kuvaa, saa ya mkononi au mkanda wa kifuani, vinavyopima mapigo ya moyo, joto la ngozi na mwendo. Akili mnemba inalishwa vipimo vya watu wengi, pamoja na majibu yao walipoulizwa wamechoka kiasi gani. Inajifunza dalili, halafu inamuonya kiongozi kabla mtu hajaanguka. Ni jambo zuri, maana mtu aliye mbioni kuokoa roho hajisikii kama amechoka.

Mimi nasema vije, lakini kwa masharti matatu.

1. Saa ikilia, awepo wa kumpokea. Kama zamu haina mtu wa pili, italia na yeye atabaki palepale na mpira wa maji mkononi. Kwanza watu na mapumziko, saa baadaye.

2. Ifundishwe kwa miili yetu. Iliyofundishwa kwa vijana wa kiume wa nchi za baridi inaweza kumkosea mwanamke wa Chake Chake kwenye joto la Februari, au kijana aliyefunga Ramadhani.

3. Siri ya afya ibaki siri. Askari akijua namba zile zitamnyima cheo, ataivua saa, na hapo hatujasaidia kitu.

Kwa hivyo mama, ukisikia vifaa hivyo vinaletwa, usiulize bei tu. Uliza masharti haya.

Na leo, wakati saa hatuna, macho yako ndiyo kipimo. Akirudi kazini mpe maji, akae kwenye upepo. Akilalamika kifua, pumzi ikimbana, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, usimwambie "lala kidogo." Mpeleke hospitali hapohapo, na kama mwili unawaka moto, mmwagie maji na mpepee mkiwa njiani.

Jiko na koroboi viwe mbali na watoto. Ukiona moto, piga 114 mapema. Moto mdogo hauwamalizi nguvu kama mkubwa.