KAMBA KWANZA, MAPAMBO BAADAYE

Katika bweni letu kumekuwa na ubishi muhula huu, nami naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu. Mjomba wangu akaaye Cornwall, Uingereza, ameniandikia nimtajie vyombo vya kuteleza mawimbini, maana ajua kuwa nikirudi kwetu Malindi likizo ya Agosti, kusi likivuma, sitoki majini. Wenzangu wasema, "Omba ubao mpya! Omba nguo nyeusi ya mpira kama wavaayo wale wa katika picha!" Mimi nasema sivyo.

Kwanza, chombo huchaguliwa kwa bahari ya mahali. Nguo ya mpira ilisitawi California, ambako maji ni baridi. Huko San Francisco Jack O'Neill alifungua duka lake mwaka 1952, akawauzia watu nguo za kuwakinga. Kwa Mjomba nako, wakati wa baridi maji ya bahari hushuka mpaka digrii 10 hivi. Maji yetu hayashuki sana chini ya digrii 25. Mtu akivaa nguo ile nene Malindi atapikika kama muhogo chunguni. Fulana nyepesi ya mikono mirefu yatosha kuzuia jua, na kuzuia kifua kisichubuliwe na ubao. Hata nta tunayopaka juu ya ubao ili mguu usiteleze ina aina zake: ile ya maji baridi ikifika kwetu huyeyuka, ikawa utelezi mtupu.

Pili, chombo cha kwanza ni kile kizuiacho madhara, si kile kipendezacho macho. Hapa yanipasa kukiri kosa. Mwaka jana mama alinipa fedha ninunue kamba ya mguuni, maana ya zamani ilikuwa imeanza kupasuka. Nilinunua kaptula yenye maua na miwani ya jua, nikaendelea kufunga kamba ile ile. Siku ya tatu wimbi liliniangusha, kamba ikakatika, na ubao ukakimbia peke yake mpaka ukampiga mdogo wangu mwenye miaka 10, aliyekuwa akioga karibu na ufuko. Alishonwa nyuzi 5 juu ya jicho. Daktari alisema kuwa ingekuwa chini kidogo tu, jicho lingepotea. Mama hakunigombeza, aliitazama ile miwani, nami nikatamani ardhi inimeze.

Kamba njema ina urefu kama wa ubao wenyewe, hufungwa kifundoni mwa mguu wa nyuma, na husuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni. Nayo si kinga kamili. Mwaka 1971, kamba hizi zilipoanza, zilivutika mno. Huyo huyo O'Neill alipigwa na ubao wake uliorudishwa na kamba, akapoteza jicho moja. Ndiyo sababu mwenye busara, akizuka majini, hutanguliza mkono mbele ya uso.

Wako watakaosema kwamba sisi sote tulipokuwa wadogo tuliteleza kwa vipande vya mbao, bila kamba, na hatukufa. Ni kweli. Lakini kile ni kipande kifupi cha kulalia kifua. Ubao wa kusimamia ni mrefu, mzito, na chini una mapezi yakatayo.

Basi nimekwisha mwandikia Mjomba: kamba mbili, fulana moja, na nta ya maji ya joto. Kamba ya pili si ya akiba. Ni ya mdogo wangu, ambaye licha ya kovu lake ataka kujifunza. Nanyi wazazi, mtoto akiwaomba chombo cha mchezo, msimwulize bei tu. Mwulizeni kitamlinda nani. Tahadhari kabla ya hatari.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne