Msanii wa Himo na Watu Anaofahamiana Nao kwa Mbali

Ushauri kwamba msanii chipukizi ahamie Dar es Salaam kwanza, ndipo ajuane na watu, unapuuza namna kazi za burudani zinavyopatikana. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza mwaka 1973 nguvu ya mahusiano hafifu, yaani kufahamiana kwa mbali, ambako mara nyingi huleta habari za kazi zaidi kuliko urafiki wa karibu, kwa kuwa marafiki hujua yale yale anayoyajua mtafutaji mwenyewe. Himo, ambako barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hukutana na ile ya Holili na Taveta, ina mahusiano hayo kwa wingi, hasa Desemba, Wachaga waishio mikoani wanaporudi nyumbani na harusi, ubarikio na kipaimara kufuatana: mshereheshaji, fundi mitambo au mpiga picha za video anayefanya kazi vizuri huonekana na wageni wa miji mingi, ambao baadhi yao (hili husahaulika mno) ndio wanakamati wa harusi zijazo Dar es Salaam au Arusha.

Ni kweli kwamba mwimbaji Nandy, mzaliwa wa Moshi, alipitia Tanzania House of Talent, kituo cha kulea vipaji cha Dar es Salaam kilichohusishwa sana na marehemu Ruge Mutahaba wa Clouds Media. Lakini kujuana, kuwe kwa Himo au kwa Dar es Salaam, hakumhakikishii mtu malipo, hivyo makubaliano ya maandishi yenye kiasi, muda na malipo ya awali yanahitajika hata pale mteja anapokuwa shemeji.